Tarehe 8 tunampigia makofi, tarehe 9 tunamnyang'anya shamba: mashujaa wa kike wa Bernard Shaw na Nguzo Mama ya Penina Muhando



Juma lililopita mmoja wetu aliuliza hapa: mwaka huu, tarehe 8 Machi, tutacheza mchezo gani? Majibu yalikuja mengi. Wengine walisema turudilie ule wa mwaka jana. Mmoja akasema hapana, sisi ni watu waliosoma, tucheze kitu cha vitabuni, akataja Pygmalion ya Bernard Shaw, juu aliisoma kwa Kifaransa na ilimchekesha sana. Mwingine akamjibu hapo hapo: "Feminisme ni mambo ya wazungu, muache kutuletea." Nilianza kuandika jibu la mistari mitatu. Imekuwa hii. Mnivumilie, mimi ni mtu wa agronomia, si wa fasihi. Lakini mtu wa shamba naye anaweza kusoma mchezo, tena kuna mambo mtu wa shamba anayaona upesi.

Kwanza niseme juu ya ule mchezo wa mwaka jana. Mnaukumbuka. Kuna mama mbaya: anamjibu mume, anazunguka sokoni, anasikiliza marafiki, mwisho nyumba inavunjika. Kuna mama mzuri: anaamka jogoo wa kwanza, anapiga magoti, ananyamaza, mwisho mume anamnunulia kikwembe. Watu walicheka, wakapiga makofi mpaka mikono ikawaka. Mama mbaya nilikuwa mimi, na kusema ukweli nilicheza vizuri. Nilirudi nyumbani na furaha. Ni baadaye ndipo nilijiuliza: siku ya wanawake, mbele ya wanawake, sisi wenye lisansi tulipanda jukwaani kuwaambia nini? Kwamba wakinyamaza watapata nguo.

Sasa tuje kwa Shaw. Alizaliwa Dublin mwaka 1856, akafa mwaka 1950, na mwaka 1925 alipewa tuzo ya Nobel ya fasihi. Wakati anaandika michezo yake mikubwa, wanawake wa Uingereza walikuwa hawapigi kura ya bunge. Wa kwanza walipata haki hiyo mwaka 1918, na kwa usawa na wanaume ni mwaka 1928. Mjue hivyo, juu kuna watu wanafikiri wazungu walizaliwa na usawa mfukoni. Hapana. Waliugombania, na teatri ilikuwa moja ya mahali pa kugombania.

Wako wanawake watatu wa Shaw ningependa muwajue.

Wa kwanza ni Vivie, katika mchezo unaoitwa Mrs Warren's Profession. Shaw aliuandika mwaka 1893, lakini serikali ya Uingereza ilikataza usichezwe mbele ya watu. Ulichezwa mara ya kwanza mwaka 1902 ndani ya klabu, kwa wanachama tu, na ruhusa kamili ilikuja karibu mwaka 1925. Kwa nini walikataza? Vivie ni msichana aliyesoma hesabu Cambridge, na anagundua kwamba pesa iliyomsomesha ilitoka kwa nyumba za malaya ambazo mama yake anazisimamia. Mama anamweleza bila aibu: alitoka kwa umaskini, dada yake mmoja aliuawa na sumu ya risasi katika kiwanda kilichomlipa karibu bure, naye akachagua njia nyingine. Shaw alitaka watu waelewe kwamba uovu huo unaanza pale ambapo kazi safi ya mwanamke hailipwi. Mshtakiwa ndani ya mchezo ule ni mshahara, mama ni shahidi tu. Mwishoni Vivie anakataa pesa ya mama, anakataa na wachumba, anabaki na kazi yake ya biro.

Wa pili ni Eliza wa Pygmalion. Mchezo huu ulionyeshwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1913 kwa Kijerumani, kisha London mwaka 1914. Eliza anauza maua barabarani, lugha yake ni ya mtaani. Profesa Higgins, mtaalamu wa matamshi, anaweka dau na rafiki yake kwamba atamfundisha kusema hadi watu wakubwa wamdhani bibi wa ukoo mkubwa. Inafaulu. Usiku ule wa ushindi, wanaume wawili wanapongezana wenyewe kwa wenyewe, wanapiga miayo, wanaulizana habari za kulala. Eliza amesimama pale pale kama kiti. Ndipo anamtupia Higgins ndara zake.

Aliyesema mchezo huu ni wa kuchekesha hakukosea. Lakini arudi asome mahali pale baada ya ndara. Eliza anauliza sasa atakuwa nani, ataenda wapi. Zamani alikuwa anauza maua. Sasa amefanywa bibi, na bibi hana cha kuuza isipokuwa yeye mwenyewe kwa kuolewa. Dada zangu mliomaliza chuo, hamkusikia kitu hapo? Mimi nilisoma ukurasa ule nikiwa Bukavu, mwaka wa mwisho, na nilifunga kitabu kidogo. Tunafundishwa kusema vizuri, tunavalishwa toga, tunapigwa picha, watu wanajipongeza. Halafu? "Utaolewa lini?" Swali la Eliza ni la kila msichana aliyerudi kijijini na diploma ndani ya plastiki.

Na tazameni vile watu walimfanyia. Shaw aliacha mchezo uishe bila arusi kwa makusudi. Watazamaji walitaka arusi. Mwigizaji aliyecheza Higgins London, Herbert Beerbohm Tree, akaanza kumrushia Eliza maua kabla pazia halijashuka, ili watu waende nyumbani wakijua wamependana. Shaw alikasirika. Mwaka 1916 akaongeza maelezo marefu nyuma ya kitabu kusema hapana: Eliza hakuolewa na Higgins, aliolewa na kijana mwingine asiye na pesa, wakafungua duka la maua. Haikusaidia. Mwaka 1956 mchezo ulifanywa muziki, My Fair Lady, na Eliza anarudi kwa profesa. Yaani mwandishi mwenyewe alipiga kelele miaka na miaka kwamba huyu mwanamke hakurudi, na watu wakamrudisha tu. Hii inanikumbusha kikwembe cha mchezo wetu. Mwisho wa hadithi ya mwanamke, watu wanataka zawadi itoke mkononi mwa mwanaume, la sivyo wanaona hadithi haijaisha.

Wa tatu ni Jeanne d'Arc, katika Saint Joan ya mwaka 1923. Jeanne alichomwa moto mwaka 1431, hukumu ikafutwa mwaka 1456, na mwaka 1920 Kanisa likamtangaza mtakatifu. Shaw anaongeza sehemu ya mwisho kama ndoto: wote waliohusika na kifo chake wanarudi, wanapiga magoti, mmoja baada ya mwingine wanamsifu. Jeanne anafurahi. Kisha anawauliza: basi, nirudi kwenu nikiwa hai? Wote wanaondoka. Mmoja mmoja, na udhuru wake, hadi anabaki peke yake.

Kama tungetaka mchezo mmoja tu wa kueleza tarehe 8 Machi, kwangu ni dakika tano zile. Tunamsifu mama kwenye mikrofoni, tunavaa kikwembe cha sare, tunapita mbele ya viongozi kwa mstari. Mama wa kwenye hotuba hana matata. Mama akirudi hai tarehe 9, akauliza habari ya shamba, wote tunakumbuka tuko na safari.

Kwa yule ndugu wa "mambo ya wazungu": Kongo ilikuwa na Jeanne wake. Kimpa Vita, aliyebatizwa Beatriz, alichomwa moto mwaka 1706 katika ufalme wa Kongo, akiwa bado kijana, juu alihubiri kwamba ufalme uungane tena na kwamba watakatifu wako pia weusi. Bernard Dadié wa Côte d'Ivoire alimwandikia mchezo, Béatrice du Congo, mwaka 1970. Mwanamke anayesimama mbele ya wakubwa na kusema hapana, hatukumnunua dukani Ulaya.

Lakini Shaw simpi alama zote. Wanawake wake wana kasoro moja inayonisumbua: kila mmoja yuko peke yake. Vivie anafunga mlango, na nyuma ya mlango ule yuko mama yake. Eliza anafundishwa na wanaume na kuasi mbele ya wanaume. Wenzake waliobaki kuuza maua barabarani hatuwasikii tena. Jeanne ni karibu mwanamke pekee jukwaani. Ukitoka kwa Shaw unaweza kuamini kwamba ukombozi ni kazi ya msichana mmoja mwenye akili kali na ulimi mkali. Wengine wote wafanye nini? Wapige makofi?

Hapo ndipo nilimhitaji Penina Muhando. Ni Mtanzania, alizaliwa mwaka 1948 huko Berega, Morogoro, akawa profesa wa teatri katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baadaye aliandika pia kwa jina la Mlama. Mwaka 1972 alitoa Hatia, juu ya msichana mwenye mimba na swali ambalo kijiji hakipendi: hatia ni ya nani? Mwaka 1982 akatoa Nguzo Mama. Nilisoma nakala ya rafiki aliyetoka Dar, kurasa nyingine zimelowa, na nilimaliza kwa usiku mmoja.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kama ngano ya jioni, na kweli ina msimulizi, Bi Msimulizi, na mtu wa kumkatiza, Chizi. Katika kijiji cha Patata kuna nguzo imelala chini. Ni Nguzo Mama. Wanawake wanataka kuisimamisha. Hawana majina: ni Bi Moja, Bi Pili, Bi Tatu, hadi Bi Nane. Wanajaribu, wanagombana, wanaitwa na shida za nyumbani. Mmoja anafiwa na mume, na ndugu za marehemu wanakuja kubeba mali. Mchezo unaisha na nguzo bado iko chini.

Kumbukeni wakati. Miaka ya 1976 hadi 1985 Umoja wa Mataifa uliitangaza kuwa muongo wa wanawake. Kila mahali kulikuwa na mikutano na hotuba, na muongo wenyewe ukafungwa kwa mkutano mkubwa Nairobi mwaka 1985. Katikati ya sifa zote hizo Muhando anachukua neno ambalo kila kiongozi analisema, kwamba mama ni nguzo, analigeuza kuwa mti wa kweli. Kisha anatuonyesha mti uko wapi. Uko chini. Sisi tunaojenga nyumba za miti na udongo tunajua: nguzo ya katikati isiposimama, hakuna mahali pa kuegemeza paa. Unaweza kuiimbia nyimbo hadi asubuhi, haitainuka.

Wako watu wanaosema Muhando anawalaumu wanawake: tazama, wanagombana, ndiyo sababu wanashindwa. Nilisikia hoja hiyo kwa kaka mmoja wa chama chetu, tena aliisema akitabasamu. Mimi sisomi hivyo. Kuvuta nguzo kunataka watu wawe pamoja kwa saa moja. Nani kati yao ana saa moja? Mwandishi anatuonyesha wanawake ambao muda wao umegawanywa na watu wengine kabla hawajaamka. Ugomvi wao ni kweli, hakuuficha, na ndiyo maana ninamwamini. Lakini ugomvi wa watu waliochoka ni matunda. Mizizi iko mahali pengine. Mtu wa agronomia akiona jani la njano hagombezi jani.

Ninalomlaumu Muhando ni zile namba. Ninaelewa sababu: Bi Tatu ni mwanamke yeyote. Hata hivyo mtazamaji anaweza kutoka akikumbuka nguzo na kusahau watu. Jina la Eliza linabaki kichwani miaka. Bi Tano na Bi Sita nilipaswa kurudi kitabuni kuwatofautisha. Na namba hizo zilinigusa mahali pabaya, juu mimi nimeandika wanawake kwa namba. Hapa nitasema jambo ambalo sikuwahi kulisema hapa.

Wakati fulani nilikuwa na kazi ya kuandika orodha ya wakulima watakaopokea miti safi ya muhogo, isiyo na mozaiki. Safu ya kwanza: namba. Safu ya pili: jina la mwenye shamba. Bamama walikuja kwa miguu, wengine toka ng'ambo ya mto Hombo, wengine na mtoto mgongoni. Nilikuwa nauliza: "Mama, shamba ni la nani?" Anajibu: "Ni ya baba." Naandika jina la baba. Karibu wote waliobeba miti ile kichwani walikuwa wanawake. Karibu majina yote kwenye karatasi yangu yalikuwa ya wanaume. Sikuona kitu. Karatasi ilikuwa safi, mkubwa wangu alinipongeza.

Mmoja wa bamama wale alifiwa na mume. Muhogo wake ulikuwa na miezi minane, bado kukomaa. Mashemeji walikuja kabla ya muhogo. Jambo likapelekwa kwa wazee. Mama alisema alilima yeye, alipanda yeye, kila mtu alimwona. Shemeji akatoa karatasi: nakala ya orodha, yenye mhuri, na jina la marehemu. "Hata bale ba shule baliandika shamba ni ya kaka yangu." Mwandiko ulikuwa wangu.

Nililala siku nyingi na mwandiko ule. Najua sheria, sote tunaijua: sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ilirekebisha Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 na kuondoa ile habari ya mke kuomba ruhusa ya mume ili afanye mikataba. Na Katiba ya mwaka 2006 inasema juu ya usawa. Lakini mbele ya wazee wale hapakuwa na Katiba, palikuwa na karatasi yangu. Nilienda kueleza kwamba swali langu lilikuwa baya, kwamba nilipaswa kuuliza "nani analima?" Walinisikiliza. Mama alibakiziwa nusu, upande wa bonde, ule unaoshika maji. Muhogo haupendi maji yaliyotuama, hilo nilisomea.

Basi ninaposema fikra za Shaw na Muhando zina faida, sisemi kwa ajili ya mtihani. Shaw alinifundisha kusikiliza swali la "nitaenda wapi sasa?" na kutolifunika kwa arusi. Muhando alinifundisha kwamba swali hilo halijibiwi na msichana mmoja. Ungemchukua Eliza na jina lake, na hasira yake, ungemweka kwenye ile kamba ya Patata pamoja na wengine saba, wenye majina nao, labda nguzo ingesogea kidogo. Na ndugu zetu wanaume wasikae tu kuhesabu nani amegombana na nani. Anayeketi kivulini hana haki ya kucheka wanaovuta.

Pendekezo langu: tusicheze ule wa mwaka jana. Mama mbaya nimeshamchoka. Tucheze Nguzo Mama, kitabu kiko kwa Kiswahili, bamama watasikia kila neno bila mtafsiri. Tulete mti wa kweli uwanjani. Mchezo ukiisha tusiuondoe upesi. Tuuache palepale chini, tuwaulize watu walioketi: huku kwetu nani anaivuta, na nani anaikalia? Wajibu wenyewe. Muhando na wenzake wa Dar es Salaam walifanya kazi ya namna hiyo vijijini katika miaka ya 1980, teatri ambayo wanakijiji wenyewe wanaijadili na kuicheza. Hatutakuwa wa kwanza.

Na sisi wenye lisansi tujitafutie mahali pale Patata. Tusikimbilie kuwa Bi Msimulizi.

Orodha zangu sasa zina safu moja zaidi: jina la anayelima. Ni safu tu, najua. Yule mama nilimwambia juu ya mchezo, nikamwomba aje. Akaniuliza kama kutakuwa tena yule bibi mwenye kelele wa mwaka jana. Nikamwambia hapana. "Basi muzuri," akasema. "Nitakuja kama shamba inaniachilia."

Kikao cha kuchagua mchezo ni Jumapili baada ya ibada. Asiyekubaliana na mimi aandike hapa chini, lakini asome kwanza.